Umeme wa jua na upepo: Nani aliyetia maji kwenye maziwa?

KILA asubuhi katika vituo vya kukusanyia maziwa, karani hutumbukiza laktomita ndani ya mkebe wa mkulima kabla ya kupokea. Anajua kwamba maziwa yakishamiminwa katika tangi la pamoja, hakuna tena njia rahisi ya kumjua aliyeongeza maji. Tangi likikataliwa kiwandani, hasara humwangukia aliyechanganya na asiyechanganya.

Nyaya za umeme nazo ni tangi la pamoja. Mitambo ya mvuke ya Olkaria humimina humo, mabwawa ya Mto Tana humimina humo, na katika miaka ya karibuni wamejitokeza wauzaji wapya. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, lenye uwezo wa megawati 310, liliunganishwa na gridi ya taifa Septemba 2018. Lile la sola la Garissa, megawati 50, lilizinduliwa Desemba 2019. Mwaka 2021 upepo wa Kipeto, Kaunti ya Kajiado, ukaongeza megawati 100. Hata shamba la chai la Changoi, huko Bonde la Ufa, limekuwa na paneli za takriban megawati moja tangu 2014.

Wengi wanaposikia habari hizo huuliza bei ya stima itashuka lini. Ni swali la haki. Lakini kuna swali la pili ambalo kwa kawaida huulizwa na wahandisi peke yao, ilhali jibu lake hulipiwa na mwenye kinu, mwenye pampu na mwenye friji ya samaki. Umeme huo unaoingia ni safi kiasi gani?

Wimbi lenye makunyanzi

Umeme wa gridi hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde. Jenereta kubwa ya Olkaria au ya Gitaru hutengeneza mwendo huo kwa kuzungusha sumaku nzito katikati ya nyaya, na ukiuchora kwenye karatasi utaona wimbi laini, kama mstari wa vilima vinavyofuatana.

Paneli ya sola haizungushi chochote. Hutoa umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri. Ili uingie kwenye gridi, ni lazima upite katika inveta, ambayo huukata vipandevipande maelfu ya mara kwa sekunde na kuvipanga vifanane na wimbi lile. Kazi hiyo hufanywa vizuri siku hizi, ila si kamilifu. Wimbi hubaki na makunyanzi.

Mfaransa Joseph Fourier alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1822 kwamba wimbi lolote linalojirudia, hata likiwa limepinda vipi, linaweza kuvunjwa kuwa mawimbi laini yanayopishana kwa kasi: moja la msingi, na mengine yaendayo mara mbili, mara tatu, mara tano ya lile la kwanza. Hayo ya ziada ndiyo wataalamu huyaita harmoniki. Kwa gridi yetu, harmoniki ya tatu huenda mara 150 kwa sekunde, ya tano mara 250, ya saba mara 350. Ndiyo "maji" katika maziwa ya umeme.

Mitambo ya upepo si yote yanayofanana. Ile 365 ya Turkana, kila mmoja wa kilowati 850, ni ya aina ambayo jenereta huunganishwa moja kwa moja na nyaya na ni sehemu tu ya nguvu inayopitia kwenye kigeuzi cha kielektroniki. Kuna mitambo mingine ambayo nguvu yake yote hupitia humo. Kwa hiyo anayesema "upepo huchafua umeme" bila kutaja ni mtambo gani ni sawa na anayesema mbegu huoza bila kutaja ghala.

Hasara humfikia nani?

Mota ya kinu cha kusaga mahindi haiulizi umeme umetoka wapi. Harmoniki ya tano ina tabia mbaya zaidi kwake, kwa kuwa huvuta mota izunguke kinyume na inakokwenda. Mota haisimami, lakini hupata joto bila kufanya kazi ya ziada. Mafundi wana kanuni ya muda mrefu kwamba kila nyuzijoto 10 juu ya kiwango kilichowekwa hupunguza maisha ya insulesheni ya mota kwa nusu. Mwenye kinu huona mota imeungua, hulaumu fundi aliyeifunga upya, hununua nyingine.

Transfoma nayo hupata joto. Kapasita, ambazo viwanda huweka ili kupunguza gharama ya umeme, humeza harmoniki kuliko kifaa kingine chochote na hufura hadi kupasuka. Katika jengo la maduka lenye televisheni, kompyuta na taa nyingi za elektroniki, harmoniki ya tatu kutoka nyaya zote tatu hujumlika katika waya wa nyutro. Waya huo, ambao fundi alidhani hautabeba kitu, unaweza kubeba mkondo mkubwa kuliko nyaya zenye moto.

Kisha kuna bili. Mteja mkubwa nchini, kama vile kiwanda cha chai, hutozwa pia kwa kVA, yaani kwa mzigo wote anaouweka kwenye nyaya. Mkondo wake ukiwa na harmoniki za kiasi cha asilimia 40, mzigo huo hupanda kwa karibu asilimia 8 bila jani moja la ziada kukaushwa. Mkulima anayesubiri bonasi hawezi kuiona hasara hiyo popote katika taarifa yake ya malipo.

Kilichotokea Bahari ya Kaskazini

Ujerumani iliupata ukweli huu kwa gharama kubwa. Mwaka 2013 shamba la upepo la BARD Offshore 1 lilikamilika katika Bahari ya Kaskazini: mitambo 80, kila mmoja megawati 5, jumla megawati 400. Umeme wake hukusanywa katika kituo kilichosimama baharini, hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, kisha husafirishwa takriban kilomita 200 hadi gridi ya nchi kavu.

Machi 2014 usafirishaji ulikatika baada ya kichujio katika kituo hicho cha baharini kuungua. Kwa miezi kadhaa mradi huo haukutengamaa. Mitambo ilikuwa mizima, upepo ulikuwepo, wanunuzi walikuwepo. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa harmoniki: vigeuzi vya mitambo na kigeuzi cha kituo vilikuwa vikichocheana, na nyaya ndefu za chini ya bahari zikaikuza ile kasi ambayo hakuna aliyeitaka.

Jambo hilo huitwa resonansi, na mtu aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea analijua. Ukisukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo tu humpeleka mtoto juu sana. Kila mtandao wa nyaya una wakati wake. Waya mrefu wa umeme huhifadhi chaji kama kapasita, transfoma hushikilia sumaku, na viwili hivyo vikikutana huwa na kasi fulani ambayo hupenda kubembea nayo. Mtambo ukitoa harmoniki kidogo tu katika kasi hiyo, volteji hupanda mno.

Ndiyo maana hesabu ya Turkana si ya mitambo pekee. Laini inayoutoa umeme Loiyangalani hadi Suswa ina urefu wa zaidi ya kilomita 420. Urefu huo peke yake ni sababu tosha ya kufanya uchunguzi. Isitoshe, upepo wa huko huvuma kwa nguvu usiku, saa ambazo viwanda na majiko yamezimwa. Mizigo ya wateja husaidia kutuliza bembea, na ikipungua, kitulizo nacho hupungua. Mpimaji anayefanya hesabu zake za saa nane mchana pekee amepima mkebe mmoja kati ya mingi.

Kukadiria kabla ya kujenga

Tathmini huanza kwenye karatasi. Mtengenezaji wa mtambo hutoa ripoti ya majaribio inayoonyesha kila harmoniki, kutoka ya pili hadi ya 50, mtambo ukifanya kazi kwa viwango mbalimbali vya nguvu. Mwenye gridi naye hutoa picha ya nyaya zake: zinavyoitikia kila kasi, laini zote zikiwa zimewashwa, na moja au mbili zikiwa zimezimwa kwa matengenezo. Bila upande wa pili, ripoti ya mtengenezaji ni kama cheti cha mbegu bora kwa shamba ambalo udongo wake haujapimwa.

Kigumu ni kujumlisha. Je, mitambo 365 hutoa uchafu mara 365 ya mtambo mmoja? Watu wengi wakisukuma gari lililokwama kwa pamoja, nguvu zao hujumlika zote. Kila mmoja akisukuma kwa wakati wake, nyingi hupotea. Harmoniki za chini husukuma pamoja, za juu hutawanyika.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-3-6 kimeweka kanuni ya kujumlisha kulingana na tabia hiyo. Ukiitumia kwa mitambo 365 inayofanana, harmoniki zilizo chini ya ya tano hujumlika zote, yaani mara 365. Kuanzia ya tano hadi ya 10, jumla huwa sawa na ya mitambo kama 68 hivi. Juu ya ya 10, ni sawa na mitambo 19 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba anayejumlisha kwa pupa anaweza kumlazimisha mwekezaji kununua vichujio asivyovihitaji, na gharama hiyo huishia katika bei ya umeme. Anayejumlisha kwa ulegevu naye huiachia hasara mota za wateja.

Baada ya kujumlisha, matokeo hulinganishwa na mpaka. Kiwango cha Marekani cha IEEE 519, kinachotumiwa katika nchi nyingi, huruhusu harmoniki za volteji zifikie jumla ya asilimia 8 katika nyaya ndogo za hadi volti 1,000, asilimia 5 katika nyaya za hadi kilovolti 69, asilimia 2.5 hadi kilovolti 161, na asilimia 1.5 juu ya hapo. Kadiri nyaya zinavyokuwa kubwa, ndivyo sheria inavyobana, kwa sababu uchafu wa juu huteremka hadi kwa kila mteja aliye chini.

Mpimaji naye hupimwa

Mtambo ukishawashwa, huja zamu ya vyombo. Kifaa hufungwa pale umeme wa mwekezaji unapokutana na wa gridi, na huachwa hapo kwa wiki nzima au zaidi. Kila dakika 10 huandika wastani. Wiki ina vipindi 1,008 vya aina hiyo, na kwa kawaida hutakiwa asilimia 95 ya vipindi visivuke mpaka. Kwa maneno mengine, vipindi 50, ambavyo ni zaidi ya saa nane, vinaweza kuvuka na mtambo bado ukapewa cheti. Aliyeunguza mota katika mojawapo ya saa hizo hana la kujitetea nalo.

Vyombo vyenyewe huweza kudanganya. Katika vituo vya volteji kubwa, kifaa cha kupimia hakigusi waya. Hupitia transfoma ndogo za kupimia, na baadhi yake, hasa zile zinazotumia kapasita, zilitengenezwa ili kusema kweli kwa kasi ya 50 peke yake. Kwa harmoniki ya saba au ya 11 zinaweza kuongeza au kupunguza kwa kiasi kikubwa. Mwekezaji mwangalifu huuliza mapema ni transfoma gani za kupimia zilizopo, kabla hajaandikiwa barua ya makosa.

Kisha hurudi swali la tangi la maziwa. Umeme ulikuwa na harmoniki hata kabla ya mtambo kuja. Njia iliyo wazi ni kupima mtambo ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa, na kutafuta tofauti. Lakini siku mbili hazifanani: kiwanda fulani kilifunga, laini nyingine ilizimwa. Tena wakati mwingine tofauti hutoka kinyume, harmoniki fulani zikapungua mtambo ulipowashwa, kwa kuwa nyaya na vichujio vyake vimemeza uchafu wa majirani. Huyo naye analipwa na nani?

Uchafu wa nyumbani

Ukweli ambao wafanyabiashara wengi hawaupendi ni kwamba mara nyingi mchafuzi mkubwa si shamba la sola lililo ng'ambo ya mto. Kiwango cha IEEE 1547 cha mwaka 2018 huitaka inveta inayounganishwa na nyaya za usambazaji isizidi harmoniki za asilimia 5 ya mkondo wake kamili. Kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, ambacho mafundi hukiita draivu, kikiwa cha bei nafuu na hakina reakta, huweza kuvuta mkondo wenye harmoniki za asilimia 40 na zaidi. Mwenye bustani ya maua aliyefunga draivu kama hizo kwenye pampu zake, kisha akailalamikia kampuni ya sola, amejitia maji mwenyewe kwenye mkebe.

Hatari huwa kubwa zaidi pale kapasita na harmoniki vinapokutana bila mtu kupiga hesabu. Chukulia kiwanda kidogo chenye transfoma ya kVA 315, ambayo bamba lake linaonyesha impedansi ya asilimia 4. Gawanya 315 kwa 0.04, unapata 7,875. Mwenye kiwanda ameshauriwa aweke kapasita za kVAr 160 ili kuondoa tozo. Gawanya 7,875 kwa 160, unapata kama 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Kiwanda hicho kimejitengenezea bembea inayopenda harmoniki ya saba, na draivu zake au inveta ya paneli alizoweka juu ya paa zitaisukuma. Angeweka kVAr 100, jibu lingekuwa karibu 9, ambayo katika nyaya tatu zilizosawazishwa huwa ndogo. Hesabu hii ni ya harakaharaka, haihesabu gridi iliyo nyuma ya transfoma, lakini huchukua dakika mbili na kalamu. Tiba ya kawaida ni kununua kapasita zilizofungwa pamoja na reakta ya asilimia 7, ambayo huipeleka bembea hadi mara 189 kwa sekunde, chini ya harmoniki ya tano, pasipo na msukumo mkubwa.

Mwenye duka dogo naye ana lake. Baadhi ya mita za tokeni huzungumza na kile kidude cha kubonyezea namba kupitia waya uleule wa umeme. Chaja au taa mbovu inayotoa kelele ya kasi kubwa inaweza kuyazima mazungumzo hayo, na tokeni iliyolipiwa ikakataa kuingia. Kabla ya kupanga foleni kulalamika, chomoa vifaa kimoja kimoja ujaribu tena.

Kugawana mfereji

Kiuchumi, nafasi iliyobaki kati ya uchafu uliopo na mpaka ulioruhusiwa ni mali ya umma, kama maji ya mfereji wa kunyunyizia. Ikigawiwa kwa mtindo wa anayewahi ndiye anayepata, mradi mkubwa wa kwanza huimaliza, na ushirika unaokuja miaka mitano baadaye na kijito chake na paneli zake huambiwa anunue vichujio au arudi nyumbani. Huo ni ugawaji mbaya, na nchi zinazouruhusu huwa zimewaadhibu wadogo kwa kuchelewa tu.

IEC 61000-3-6 hufuata njia nyingine: kila mmoja hupewa fungu kulingana na nguvu alizokubaliwa kuunganisha, na kanuni ile ya kujumlisha humfaa mdogo. Mwenye megawati moja katika kituo cha megawati 10 hapati asilimia 10 tu. Kwa harmoniki za tano hadi ya 10 hupata takriban asilimia 19 ya nafasi yote, na kwa zilizo juu ya hapo karibu asilimia 32. Sheria ya Kawi ya Kenya ya mwaka 2019 ilifungua mlango kwa mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja kuomba kubadilishana umeme na kampuni ya usambazaji. Viwanda vya chai, mashamba ya maua na vyama vya maziwa vinavyoingia mlango huo vina sababu ya kuuliza fungu lao ni lipi kabla ya kukubali orodha ya vichujio.

Na muuzaji wa inveta akileta karatasi yenye namba moja tu, mathalani "harmoniki chini ya asilimia 3", hiyo huwa ni ya jua la saa sita, inveta ikifanya kazi kwa nguvu zote. Alfajiri na jioni, mkondo ukiwa mdogo, asilimia hupanda sana ijapokuwa ampea zenyewe za uchafu ni chache, na ndiyo sababu viwango hupima dhidi ya mkondo kamili wa inveta. Mwambie alete jedwali zima: kila harmoniki hadi ya 50, kwa ampea, kuanzia asilimia 10 ya nguvu hadi 100, na jina la maabara iliyopima.